Mhusika Bapa Haugui

Mchezo huu wengi wanaufahamu. Jioni kichekesho kikianza kwenye televisheni, au siku hizi simu ikipita mkono kwa mkono, mtu mmoja nyumbani huuliza: katika hawa, mimi ni nani? Kabla hajajibiwa, wengine wamekwisha kugawa nafasi. Baba mwenye sauti kubwa na mipango isiyotimia hupewa Mzee Ojwang'. Mama anayemkatiza maneno na kumrudisha kwenye hesabu ya unga hupewa Mama Kayai. Mjomba mgumu wa mkono na mwepesi wa hasira ni Mzee Majuto, na hilo halina mjadala. Yapo pia madodoso ya kwenye simu yanayofanya kazi hiyo hiyo: jibu maswali kumi, uambiwe unafanana na mhusika gani na haiba yako ni ya namna gani. Nimeyaona yakizunguka katika makundi ya WhatsApp ya koo, ya wanakwaya na, nisifiche, ya watumishi wa afya wa Musoma, Bunda na Butiama, ambako hufika kwa kliniki za mkoba za magonjwa ya akili.

Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Mkoa wa Mara ni mkoa wa utani. Babu na mjukuu hutaniana, mashemeji hutaniana, makabila hutaniana hata msibani, na mtu asiyetaniwa na yeyote hujiuliza amekosa nini. Futuhi ya televisheni imeupa utani huo majina mapya tu. Vitimbi, iliyooneshwa kwa miongo kadhaa na Shirika la Utangazaji la Kenya, haikuhitaji pasi ya kusafiria pale Sirari. Watu wa huku waliipokea kama habari za jirani yao. Na marehemu Amri Athuman wa Tanga, ambaye taifa zima lilimwita Mzee Majuto au King Majuto, aliingia katika nyumba ambazo hakuwahi kuzikanyaga na kuketi humo kama ndugu. Alipofariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Agosti 2018, walimlilia watu ambao hawakuwahi kumwona ana kwa ana.

Mashaka yangu yanaanza pale jina la mchezo linapomfuata mtu mpaka kwenye chumba cha daktari.

Tuanze na swali la kwa nini jina hilo hukaa vizuri kiasi hicho. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake dodoso la haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo aliyodai kuwa ni ya kwake peke yake. Akawaomba wayapime usahihi wake kwa alama kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulipita 4. Ndipo akawafichulia kuwa wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, na kwamba alikuwa ameyaokota katika kitabu cha unajimu. Maelezo ya jumla, yakitolewa kwa uhakika na kwa mapenzi kidogo, humkaa karibu kila mtu, kama lile shati la shule linalonunuliwa kubwa ili mtoto alikulie. Sisi tuliokulia katika enzi za Sheikh Yahya Hussein hatukupaswa kumsubiri Mmarekani atufundishe hilo. Kwa hiyo dodoso linapokuambia kwamba wewe ni mkali kwa nje lakini una moyo laini kwa ndani, furahi, lakini tambua kuwa jirani yako ameambiwa hivyo hivyo.

Sababu ya pili ya jina kukaa inatoka katika sanaa yenyewe, na kila aliyefaulu somo la Kiswahili kidato cha nne anaijua hata kama hajaitumia tangu siku ya mtihani. Walimu wetu walitufundisha kutenganisha mhusika duara na mhusika bapa. Mhusika duara hubadilika. Mambo humpata, naye huwa mtu mwingine kidogo kila sura inapofungwa. Mhusika bapa habadiliki. Ana sifa moja au mbili, nazo hudumu nazo kutoka mwanzo hadi mwisho. Futuhi ya kila wiki inamhitaji huyu wa pili. Wiki hii Mzee Ojwang' adanganye, anaswe, aaibike mbele ya watu. Wiki ijayo lazima arudi na uongo mpya kana kwamba hakujifunza kitu, la sivyo hakuna kipindi. Mbahili akitubu, mwandishi amekosa kazi. Katika ulimwengu huo hakuna anayezeeka kwa kasi isiyo ya kawaida, hakuna anayesahau jina la mwanawe, hakuna anayekonda. Mhusika bapa haugui, na akiugua ni homa ya kuigiza inayopona kabla ya tangazo la biashara.

Hata waigizaji wenyewe hawakuwa wale waliowaigiza. Benson Wanjau, aliyemcheza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo iliyowavunja watu mbavu, alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, Mama Kayai wetu, hakuwa mkewe; walikuwa wafanyakazi wenza, ingawa wapo watazamaji waliokataa kuliamini hilo. Wanjau alifariki Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mwezi Julai 2015. Alilazwa kule kama binadamu yeyote, na ni Benson aliyetibiwa. Ojwang' hana mapafu.

Sasa niingie kliniki. Mifano nitakayoitoa nimeichanganya kutoka kwa wagonjwa mbalimbali, na umri na mahali nimevibadilisha, asitambulike hata mmoja.

Mzee wa miaka sitini na kitu, fundi seremala, mkazi wa kijiji kimoja wilayani Butiama. Tangu ujana alikuwa msemaji, mbishi, mtu wa hadithi. Wanawe walimwita Ojwang' na yeye alilipenda jina. Msimu wa mvua bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye barabara ya changarawe. Alijigonga kichwa, akainuka, akajipangusa tope, akamtania dereva, akaenda zake. Wiki ya tano baada ya hapo alianza kuamka usiku na kukojoa pembeni mwa chumba. Akawaita wajukuu kwa majina ya kaka zake waliokwisha kufa. Msibani alimtukana mwenyekiti wa kitongoji tusi ambalo halisemwi mbele ya wakwe. Nyumbani walicheka. Mmoja alimpiga picha ya video, akaituma kwenye kundi la ukoo na maneno ya kwamba Ojwang' wa safari hii amezidisha. Watu thelathini wakajibu kwa alama za vicheko. Siku kumi zikapita hivyo.

Aliyeukatisha mchezo ni binti anayeishi mbali, ambaye alikuja likizo na hakuwa ameshiriki kicheko cha kila siku. Alimtazama baba yake akitembea kutoka bandani hadi sebuleni na kuona mguu wa kushoto unaburuzwa. Akasema, huyu siye baba. Kipimo cha CT scan kilionesha damu iliyokuwa ikivuja taratibu kwa wiki nyingi kati ya ubongo na utando mgumu unaoufunika, hali inayowapata hasa wazee na wanywaji wa pombe, hata kwa kujigonga kudogo. Alipelekwa kwa madaktari wa upasuaji, wakatoboa fuvu na kuitoa ile damu. Baada ya majuma mawili alikuwa amerudi kugombana na watu kuhusu bei ya mbao za mninga.

Ninaurudia mfano huu kwa wanafunzi wangu kila mwaka kwa sababu familia ile ilikuwa na mapenzi tele. Hawakumtelekeza mzee wao. Walikuwa wakimtazama kila siku, tena kwa furaha, na hawakumwona. Jina lilikuwa limekwisha kueleza kila alichokifanya. Mtu akishakuwa Ojwang', kila kioja kipya ni ushahidi kwamba yeye ni Ojwang' kweli.

Mfano wa pili ni wa mama kijana wa Bunda aliyejifungua salama mtoto wa pili. Siku ya nne hakulala. Siku ya sita alikuwa akizungumza mfululizo, akiwapangia kazi mashangazi, akitangaza kuwa atafungua hoteli stendi na kumwajiri mkuu wa wilaya. Waliokuja kumpa hongera walisema uzazi umempa ulimi wa Mama Kayai. Muuguzi mmoja wa zahanati, aliyefika kwa ajili ya kumwona mtoto, aliuliza jambo moja tu: kabla ya kujifungua alikuwa hivi? Wakamjibu kuwa alikuwa mkimya, hata salamu yake husikika kwa shida. Muuguzi yule hakuondoka pale mpaka usafiri wa kwenda hospitali ulipopatikana. Saikosisi ya baada ya kujifungua huanza ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Humweka mama na mtoto katika hatari ya kifo, na hutibika vizuri ikiwahiwa. Ni dharura sawa na kutokwa damu nyingi. Muuguzi yule hakuwa na kipimo chochote mkononi. Alikuwa na swali.

Kuna mhusika mmoja ambaye hakosekani katika futuhi yoyote ya Afrika Mashariki, naye ni mlevi. Anapepesuka, anaongea kwa ulimi mzito, anagombana na nguzo ya umeme. Ninawasihi wenzangu wa zahanati na wa mapokezi ya hospitali: mtu wa namna hiyo akiletwa kwenu, pimeni sukari ya damu kwanza, kisha mcheke baadaye kama bado mna hamu. Mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini au kumeza vidonge na kisha akakosa chakula hupepesuka vivyo hivyo, hutokwa jasho, hutukana, huanguka. Kipimo huchukua chini ya dakika moja. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, maji ya sukari yanaweza kumrudisha mbele ya macho yenu. Akiwa hana fahamu, asitiliwe kitu mdomoni, apewe sukari kwa mshipa. Na hata yule anayenuka gongo kweli anaweza kuwa na sukari iliyoshuka au kichwa kilichopasuka. Pombe haimkingi mtu na maradhi mengine. Zaidi ya hapo, mnywaji wa kila siku anayeacha ghafla, labda kwa kuwa amelazwa kwa ajili ya mguu uliovunjika, anaweza siku ya pili hadi ya nne kuanza kutetemeka, kuona wadudu ukutani na kupigana na wauguzi. Wodini huambiwa anafanya vituko. Asipotibiwa, hali hiyo huua.

Nimeacha kwa makusudi mpaka hapa lile linalotuhusu sisi wa Mara zaidi ya wengine. Vichekesho vya televisheni ya Tanzania vina desturi ya kugawa haiba kwa kabila. Mbahili hupewa lafudhi ya Kipare. Askari mkali au mlinzi asiyeelewa mzaha, anayetaka kupiga kabla ya kuuliza, hupewa lafudhi ya Kikurya. Wakurya wenyewe hucheka, nami hucheka. Lakini nimekutana na wanaume wengi wa kutoka Tarime, Serengeti na Butiama, wenye umri wa miaka thelathini hadi hamsini, walioletwa na wake zao au na polisi kwa sababu ya hasira, na kila mmoja akaanza kwa kuniambia: daktari, sisi ndivyo tulivyo. Ukikaa naye nusu saa unasikia mengine. Halali, saa tisa ya usiku macho yako wazi. Ng'ombe ambao zamani aliwajua mmoja mmoja kwa rangi hawamvutii tena. Hamu ya chakula na ya tendo la ndoa imekwisha. Mgongo unauma na kila dawa ya maumivu imeshindwa. Hajalia, kwa sababu hakufundishwa kulia, amekuwa mkali. Hiyo ni sonona. Kwa wanaume wengi sonona huvaa sura ya hasira na chupa kabla haijavaa sura ya huzuni, na kabila la mtu haliibadilishi kuwa kitu kingine. Dodoso la maswali tisa juu ya sonona, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na linaweza kusomwa na tabibu yeyote kwa dakika chache, linamfaa mtu huyu kuliko maelezo elfu ya hulka ya Wakurya. Swali lake la tisa huuliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Liulizeni bila kuona haya. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu amewauliza.

Niongeze kwamba mkewe hulipa gharama ya maelezo hayo ya kabila kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanamke aliyevunjwa mkono hapaswi kuambiwa na mtumishi wa afya kuwa ameolewa na mhusika maarufu.

Mkoa huu una sababu nyingine za mtu kubadilika haiba ambazo daktari wa Dar es Salaam anaweza asizifikirie. Vijiji vya Bunda na Butiama haviko mbali na mbuga ya Serengeti, ambako kuna mbung'o na malale. Aina ya malale ya Afrika Mashariki huenda haraka, kwa majuma au miezi michache: homa zisizosikia dawa ya malaria, kichwa, kisha vimelea vikishaingia kwenye mfumo wa fahamu mtu hulala mchana, hukesha usiku, na tabia yake hugeuka. Wanaotaja mbuga kwa maana ya watalii wakumbuke kuwa mwaka 2001 baadhi ya watalii walioitembelea Serengeti waligundulika na ugonjwa huo waliporudi kwao. Kisha kuna Buhemba. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huchanganya udongo na zebaki, halafu huichoma zebaki ili dhahabu ibaki, mara nyingi uani, karibu na chakula na watoto. Mvuke wa zebaki huingia kwa pumzi na kuathiri ubongo. Mkono hutetemeka, fizi huvimba, usingizi hukimbia, na mtu aliyekuwa mchangamfu huwa mwenye haya kupita kiasi, msahaulifu, mwepesi wa kuudhika. Watengenezaji wa kofia za Ulaya waliokuwa wakitumia zebaki walipata hali hiyo hiyo, na majirani zao waliwafanyia mzaha kwayo. Nimesikia mke wa mchimbaji akisema mumewe "amekuwa bibi harusi", maana hawezi tena kuwatazama watu usoni. Ilikuwa kauli ya kuchekesha, na ilikuwa maelezo sahihi kabisa ya dalili.

Msomaji anaweza kusema kuwa kicheko chenyewe angalau ni dalili ya afya. Kwa kawaida ndivyo. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Hermann Oppenheim alieleza habari za wagonjwa wenye uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo ambao hawakuweza kuacha kutania: mizaha isiyo na mahali pake, mfululizo, mbele ya yeyote, na wao wenyewe wakiifurahia peke yao. Mtu aliyekuwa mpole kwa miaka hamsini akianza uchekeshaji uzeeni, kanisani, mazishini, kwa maneno ya chumbani, asipewe jina la mchezaji wa Vitimbi. Apelekwe akapimwe.

Na yupo mchekeshaji wa familia ambaye ubongo wake ni mzima na moyo wake umevunjika. Kila ukoo unaye. Ndiye anayeombwa "tuchangamshe" hata siku aliyofiwa. Huyu hupata taabu kubwa kuliko wote kusema kuwa anaumwa, kwa kuwa akifungua mdomo watu wameshaanza kucheka. Molière, mwandishi wa futuhi wa Ufaransa, alipanda jukwaani mjini Paris tarehe 17 Februari 1673 kucheza mtu anayejidhania mgonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua kweli kweli. Alipatwa na shambulio katikati ya onyesho, akajaribu kulifunika kwa kicheko, akamaliza mchezo, akafariki nyumbani saa chache baadaye. Watazamaji walikuwa wamelipa ili wacheke.

Je, wahusika wa kubuni hawawezi kuisaidia afya? Wanaweza sana, na nchi hii ina ushahidi wake. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati, wenye kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Kituo cha Dodoma hakikuurusha mpaka mwaka 1995, jambo lililowapa watafiti nafasi ya kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Waliousikia walionekana kutumia zaidi uzazi wa mpango, na wengi walieleza kupunguza idadi ya wapenzi. Mchezo ule ulikuwa na Mkwaju, dereva wa malori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu mkewe. Watunzi hawakumwacha Mkwaju akirudi wiki kwa wiki kama alivyokuwa. Maisha yake yalimfikisha kwenye ugonjwa na kifo, naye Tunu alibadilika kidogo kidogo, akaanza kazi yake mwenyewe, akachukua uamuzi. Wasikilizaji walijifananisha na watu wanaobadilika, wakapata njia ya kuona kuwa wao nao wangeweza. Hapo kujifananisha kulizaa kitu.

Hata mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alipotafsiri futuhi ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alimleta kwetu Shylock, mkopeshaji ambaye watazamaji wa Ulaya walizoea kumcheka, na ambaye katikati ya mchezo husimama na kudai kuwa yeye pia huumia anapochomwa. Sijui futuhi nyingine inayompa mbahili nafasi hiyo.

Kwa wenzangu wa afya, ombi langu ni dogo na halina gharama. Ndugu wa mgonjwa wakisema "ndivyo alivyo", au wakimtaja kwa jina la mhusika, andikeni maneno hayo kwenye faili kama yalivyo, kisha ulizeni: tangu lini? Ulizeni alivyokuwa Krismasi iliyopita au Idi iliyopita, alivyokuwa wakati wa mavuno, alivyokuwa kabla ya ajali, kabla ya uzazi, kabla ya dawa mpya. Mtafuteni shahidi asiyeishi naye kila siku. Anayeishi mbali huona haraka. Mtu aliyefikia utu uzima akiwa na hulka fulani hageuki ndani ya mwezi mmoja bila sababu, na sababu hiyo ni kazi yetu kuitafuta: kichwa kilichogongwa, sukari, maambukizi, VVU na kaswende, tezi la shingo, pombe, dawa, zebaki, sonona. Vipimo kadhaa kati ya hivyo vinapatikana mpaka kituo cha afya. Kwa mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, anzeni na homa, mapafu, mkojo na upungufu wa maji kabla ya kumpa jina la uzee.

Kwa mgonjwa na familia yake, endeleeni na mchezo wenu. Lakini mmoja kati yenu apewe kazi ya kutocheka mara moja kwa mwezi, amtazame kila mmoja kana kwamba amekutana naye stendi ya Bunda baada ya mwaka mzima. Mwenye kupewa jina naye awe na haki ya kulirudisha. Akisema "leo mimi siye Majuto", nyamazeni mumsikilize.

Wapo, bila shaka, watu ambao ukiuliza tangu lini, mama yao mwenye miaka themanini hujibu kuwa tangu siku ya kwanza. Kwamba hata tumboni alikuwa akipiga teke bila sababu. Mtu wa hivyo anakula, analala, anafanya kazi yake, hamdhuru mkewe wala watoto, na anawachosha majirani tu. Mpimeni shinikizo la damu, kwa kuwa amekwisha kufika, mrudishieni kadi yake, mwacheni aende.